Watu wa Kolwezi katika Daftari, Ramani na Picha za Angani

Mkanda wa shaba wa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaanzia magharibi karibu na Kolwezi, unapita Tenke, Fungurume na Likasi, kisha unashuka kusini-mashariki hadi Lubumbashi na mpakani mwa Zambia. Shaba na kobalti yake haikutandazwa sawasawa ardhini. Imo katika mapande ya miamba yaliyokunjwa na kuvunjikavunjika, na mengi ya mapande hayo hujitokeza kama vilima vyenye upara katikati ya msitu wa miombo, kwa kuwa udongo wenye shaba nyingi hauoteshi miti mikubwa, bali nyasi na vijimea vichache vilivyouzoea. Ramani ya makazi ya watu imeifuata ramani hiyo ya miamba kwa zaidi ya karne moja. Mgodi ulipofunguliwa, kambi ilijengwa. Uliposimama, watu walitawanyika. Ulipofufuliwa, walikuja wengine. Ndiyo sababu Kolwezi na jimbo lake la Lualaba ni mahali pafaapo kuchunguza jinsi takwimu za watu na za ardhi zinavyofuatilia mabadiliko, na jinsi zinavyoweza kumpotosha anayezisoma haraka. Waliowahesabu watu hapa walikuwa na haja zao: kodi, nguvukazi, posho, kura, chanjo. Kila hesabu iliona kile ambacho mhesabuji alikihitaji, na kilichobaki ilikipita.

Kabla ya utawala wa Wabelgiji hapakuwa na sensa, lakini idadi ya watu na mienendo yao haikuwa siri kwa watawala. Wafua shaba wa kabila la Wasanga waliyeyusha mawe ya kijani ya malakiti katika tanuru za udongo wakati wa kiangazi, na shaba yao ilisafiri mbali ikiwa imekalibiwa kwa umbo la msalaba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyetokea upande wa Tanzania ya leo, alijenga dola ya Garanganze yenye makao Bunkeya, mji ambao sasa umo ndani ya jimbo la Lualaba. Misafara ya pembe, shaba na watumwa ilitoka hapo kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi na pia kuelekea Benguela upande wa Atlantiki. Mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, na wenzake waliomfuata waliacha maandishi kuhusu mji mkubwa uliojaa watu wa makabila mengi. Msiri alipouawa Desemba 1891, mji ule ulipungua upesi, watu wakirudi walikotoka au wakikimbia njaa. Hapo ndipo anapoanzia mwanahistoria wa idadi ya watu wa eneo hili: kwa mji uliojaa kisha ukamwagika ndani ya muda mfupi, bila karatasi hata moja yenye hesabu ya kuaminika.

Karatasi zilikuja na kampuni. Kamati Maalumu ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, iliigawa ardhi, na Union Minière du Haut-Katanga ikaanzishwa mwaka 1906 ili kuchimba. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tatizo kubwa la kampuni halikuwa shaba, ambayo ilikuwepo tele, bali mikono. Wenyeji wa nyanda za juu za Katanga walikuwa wachache kulingana na ukubwa wa ardhi, na wengi hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao waende kufia migodini. Miaka ya mwanzo vifo makambini vilikuwa vingi mno, kutokana na nimonia, kuhara damu na homa za matumbo, na homa ya mafua ya 1918 iliongeza msiba juu ya msiba. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha vibarua. Kampuni ya Robert Williams nayo iliwaleta wengine kutoka Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo.

Hesabu ya kwanza ya utawala ilijengwa juu ya haja hiyo. Maofisa walipita kwa machifu wakiandika vijiji, na safu iliyotazamwa kuliko zote ni ile ya wanaume wazima wenye afya, kwa sababu hao ndio waliotozwa kodi na ndio waliotakiwa migodini. Miaka ya 1920, serikali ilipoingiwa na hofu kwamba vijiji vinakaushwa, tume za kazi ziliweka kikomo cha asilimia ya wanaume wanaoweza kuchukuliwa katika kila eneo. Kwa hiyo daftari la kijiji likawa na kazi mbili zinazopingana: kuonyesha ni wangapi wanaoweza kuchukuliwa, na kuonyesha kama wamechukuliwa kupita kiasi. Wanawake na watoto waliandikwa pia, lakini kwa uangalifu mdogo. Wazee na wagonjwa hawakuwa na faida kwa mwandishi.

Wenyeji walilielewa daftari hilo vizuri. Palipokaribia ziara ya ofisa, vijana wa kiume waliingia porini au walivuka mpaka kwenda Angola au Rhodesia Kaskazini, ambako jamaa zao Walunda na Wandembu waliishi. Kijiji kilichopungua katika karatasi huenda hakikupungua hata kidogo. Na kijiji kilichoonekana kimeongezeka huenda kiliunganishwa tu na kingine, kwa kuwa serikali ilipenda vijiji vikubwa vilivyopangwa kando ya barabara. Mtu aliyetaka kutoka katika eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 alitakiwa kuwa na pasi ya kuhama. Pasi hizo zingekuwa chanzo kizuri cha takwimu za uhamaji, kama waliohama bila pasi wasingekuwa wengi.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipoachana na vibarua wa muda mfupi na kuanza sera ya kuwatuliza wafanyakazi. Kuanzia 1928 hivi, mkataba wa miaka mitatu ndio uliopendelewa, na mfanyakazi alihimizwa kuja na mkewe. Uandikishaji ulielekezwa Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Mtu aliyeisimamia na kuitetea sera hiyo kwa kalamu ni daktari Léopold Mottoulle, aliyechapisha mwaka 1946 kitabu kizima kuhusu siasa ya kijamii ya kampuni. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara waziwazi: mfanyakazi anayekaa miaka kumi hugharimu kidogo kuliko kumi wanaokaa mwaka mmoja mmoja, na mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho asiyehitaji kusafirishwa kutoka Kasai.

Kutokana na sera hiyo kambi ya Union Minière ikawa mahali palipohesabiwa kwa makini kuliko pengine popote katika Kongo ya wakati huo, na chombo cha hesabu kilikuwa posho. Kila wiki familia ilipanga foleni kwenye ghala la kambi kupokea unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama au samaki. Mwanamume alikuwa na fungu lake, mke lake, na kila mtoto lake. Ghala halikuweza kugawa bila orodha, na orodha haikuweza kuwa ya mwezi uliopita. Mtoto akizaliwa katika zahanati ya kambi, aliingia katika kitabu ili fungu lake lianze kutoka. Akifa, fungu lilikatwa. Mama aliyepeleka mtoto kupimwa uzito na kupewa maziwa aliacha alama nyingine kwenye kadi. Shule ya wamisionari iliacha nyingine. Kwa njia hii kampuni ilipata kile ambacho serikali haikuwa nacho: vizazi na vifo vilivyoandikwa vilipotokea, kwa umri, kwa jinsia, kwa kambi. Takwimu hizo zilionyesha vifo vya watoto wachanga vikishuka na vizazi vikipanda mwaka hadi mwaka, na kampuni ilizitangaza kwa fahari.

Uzuri wa takwimu hizo una mpaka wake, nao ni ukuta wa kambi. Ndugu aliyekuja kutoka kijijini na kulala jikoni kwa miezi sita hakuwa na fungu, kwa hiyo hakuwepo. Mfanyakazi aliyepata ajali au aliyezeeka alirudishwa kwao, na kifo chake kikatokea nje ya kitabu. Kambi ikabaki na watu vijana wenye afya, na kiwango chake cha vifo kikaonekana kizuri kupita hali halisi ya maisha ya wachimbaji. Kosa hili lina sura nyingi katika takwimu za dunia nzima, na katika migodi ni la kawaida: anayehesabiwa ni yule aliyebaki kazini. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 hadi 1932, Union Minière ilipunguza wafanyakazi wake Waafrika kutoka zaidi ya 15,000 hadi kama 5,000. Katika jedwali la kampuni watu hao walitoweka. Walikuwa hai, wengine vijijini, wengine wakilima pembezoni mwa mji, lakini hapakuwa na daftari lililowapokea.

Kolwezi yenyewe ni mtoto wa kipindi kilichofuata mdororo huo. Reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo, inayoungana na njia ya Benguela, ilikamilika mwaka 1931 na kuufungua upande wa magharibi. Mwaka 1937 mji ukaanzishwa kuwa makao ya migodi ya magharibi: Musonoi, Kamoto, Ruwe ambayo baadaye iliitwa Mutoshi, na mgodi wa Kolwezi wenyewe. Kiwanda cha kusafishia mawe kilianza mwaka 1941. Mto Lualaba ulipewa mabwawa ya umeme, Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, na kiwanda cha Luilu kikafuata mwaka 1960. Mji ulipangwa kwa mtindo wa kikoloni, mtaa wa Wazungu upande mmoja, makambi ya wafanyakazi upande mwingine, na nafasi tupu katikati. Takwimu zilipangwa vivyo hivyo. Wazungu waliandikwa kwa uraia, dini na kazi. Waafrika kwa jumla.

Jaribio la kwanza la kweli la kuwajua Wakongo wote kwa njia ya kisayansi lilifanyika kati ya 1955 na 1957, kwa uchunguzi wa sampuli uliogusa zaidi ya watu milioni moja vijijini na mijini. Uchambuzi wake mkubwa ulifanywa na Anatole Romaniuk, na sehemu yake ikatoka mwaka 1968 katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu demografia ya Afrika ya tropiki. Mmoja wa waandishi wa kitabu hicho, Mskoti William Brass, alikuwa amefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ambako sensa ya 1948 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilimkabidhi fumbo lilelile. Mama akiulizwa amezaa mara ngapi katika mwaka uliopita, mwaka huo katika kumbukumbu yake unaweza kuwa miezi minane au kumi na minne. Akiulizwa amezaa watoto wangapi tangu aanze kuzaa, mama kijana hujibu sawasawa, ila mama mzee huwaacha wale waliokufa wachanga au walioolewa mbali. Brass aliyalinganisha majibu hayo mawili: jumla ya watoto wa akina mama vijana ikatumika kurekebisha kiwango cha vizazi vya mwaka. Mbinu hiyo, iliyozaliwa kutokana na upungufu wa takwimu za Afrika, bado inatumika popote ambapo vizazi haviandikwi. Kwa Kongo ilisaidia kuonyesha kwamba uzazi ulitofautiana mno kati ya eneo na eneo, na kwamba sehemu za kaskazini zilikuwa na wanawake wengi wasiopata mtoto kabisa, jambo lililohusishwa na magonjwa ya zinaa.

Uhuru ulikuja Juni 1960, na Katanga ikajitenga Julai 11 ya mwaka huohuo. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini Januari 1963. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa na mali yake ikawa msingi wa Gécamines, kampuni ya serikali. Sensa ya kiutawala ya 1970, iliyokusanywa kupitia ofisi za serikali, iliipa nchi watu milioni 21.6.

Mwaka 1978 Kolwezi iliingia katika magazeti ya dunia. Mei 13, wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kikongo, waliotoka Angola waliuteka mji. Mei 19, askari wa miavuli wa Ufaransa waliruka juu yake, na wa Ubelgiji wakafuata kesho yake. Wazungu zaidi ya 2,000 waliondoshwa kwa ndege ndani ya siku chache. Hao walikuwa mafundi na wasimamizi wa migodi pamoja na familia zao, kwa hiyo kundi zima la watu lilitoka katika mji kwa pigo moja. Rekodi za tukio hilo zinatenda kama daftari la kikoloni lilivyotenda. Wazungu waliouawa walitafutwa mmoja mmoja na kuorodheshwa. Wakongo waliouawa waliachwa katika makadirio ya mamia, na waliokimbilia porini na Angola katika makadirio ya maelfu. Si haki kuziweka hesabu hizo mbili katika sentensi moja kana kwamba zilipimwa kwa kipimo kimoja.

Sensa pekee kamili ya kisayansi ambayo nchi imewahi kufanya ilitumia Julai 1, 1984 kama tarehe ya marejeo. Mji wa Kolwezi ulikuwa na watu 201,382, Likasi 194,465, na Lubumbashi zaidi ya 540,000. Namba hizo tatu zikiwekwa kwenye ramani zinasema jambo la historia. Likasi, mji mkongwe wa katikati, ulikuwa umepitwa na Kolwezi, ambayo ilikuwa haijatimiza miaka 50. Uzito wa watu ulikuwa umehamia magharibi, kulikokuwa na mawe tajiri zaidi na mashimo mapya.

Tangu siku hiyo, idadi rasmi ya watu wa Kolwezi inatokana na kukisia mbele kutoka 201,382. Inafaa kuitazama hesabu hiyo kwa karibu. Mji ukikua kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 40 utakuwa na watu kama 657,000. Ukikua kwa asilimia 4, watakuwa kama 967,000. Ukikua kwa asilimia 5, watapita milioni 1.4. Mwanzo ni uleule, miaka ni ileile, na tofauti ya asilimia mbili inazaa mji wa zaidi ya maradufu. Hakuna aliyepima asilimia hiyo mjini. Huazimwa kutoka wastani wa miji ya nchi. Ndiyo maana vitabu na ripoti humpa msomaji Kolwezi yenye watu nusu milioni, na nyingine Kolwezi ya milioni moja, bila yoyote kusema uongo kwa makusudi.

Hatari kubwa zaidi ya kukisia mbele ni kwamba mstari wa hesabu unapanda tu, hali maisha ya Kolwezi yalishuka kwenye shimo. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji wa kampuni nzima ulikuwa chini ya tani 40,000. Katikati ya anguko hilo lilikuja jambo baya zaidi. Mwezi Agosti 1992 mjini Likasi, na kuanzia Machi 1993 mjini Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, huku utawala wa gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza ukihubiri Katanga ya Wakatanga. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale walioandikishwa na Union Minière miaka ya 1920, waliozaliwa katika zahanati za kambi na kuandikwa katika vitabu vya posho. Walikaa stesheni za reli wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai, ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona; watoto walikufa hapo kwa surua na kuhara. Idadi ya waliofukuzwa katika jimbo zima inatajwa kuwa mamia ya maelfu, na inatokana na makanisa na mashirika ya misaada yaliyogawa chakula na dawa. Hakuna jedwali la taifa linaloionyesha, kwa kuwa sensa iliyotangulia ilikuwa ya 1984 na iliyofuata haikufanyika. Mtu anayeunganisha 1984 na leo kwa mstari mmoja anapita juu ya stesheni hizo bila kuziona.

Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kwa mara nyingine jedwali la kampuni liliwapoteza watu ambao hawakuwa wamekwenda kokote. Wengi walibaki katika nyumba zao za makambi ya Musonoi, Luilu na Kapata, na watoto wao wakaingia kuchimba kwa mikono. Sheria ya madini ya 2002 iliutambua uchimbaji mdogo na kutaka kila mchimbaji awe na kadi. Waliopata kadi ni sehemu ndogo. Makadirio ya wachimbaji wadogo wa eneo hili huanzia makumi ya maelfu na kupita 100,000, na upana wa makadirio hayo hautokani na uzembe. Idadi yenyewe inapanda na kushuka. Mvua za Novemba hadi Aprili hujaza mashimo maji na kuwarudisha wengi mashambani. Bei ya kobalti ikipanda, kama ilivyopanda hadi 2018, mabasi hushusha vijana kutoka Kasai, Haut-Lomami na kwingineko; ikianguka, huondoka. Mji wa namna hii hauna idadi moja kwa mwaka, na uchunguzi wa kaya unaofanyika mwezi mmoja huona msimu mmoja tu.

Mwaka 2014 huko Kasulo, mtaa wa watu ndani ya Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba. Wakazi walianza kuchimba uani, sebuleni, hata chini ya vitanda, na visima vyembamba vikashuka makumi ya mita. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta na kufanywa eneo la uchimbaji, na mamia ya kaya yakahamishwa kwa fidia. Kasulo inafundisha kitu ambacho watengenezaji wa takwimu za angani wanapaswa kukijua. Picha ya setilaiti huona paa. Katika Kasulo ya miaka ile, turubai lililotandazwa juu ya kisima ili kuzuia jua na mvua lilifanana na paa kwa ukubwa wake, na lingeweza kuhesabiwa kama nyumba. Nyumba yenyewe, ambayo paa lake halikuguswa, huenda ilikuwa imebaki ganda, ikilindwa na wachimbaji usiku na mchana, familia ikiwa imekwenda kupanga mtaa mwingine.

Hata hivyo setilaiti ndizo zilizoziba pengo kubwa zaidi la miongo hii. Picha za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 zinapatikana bure. Zikipangwa kwa miaka, zinaonyesha mgodi wa KOV wa Kolwezi na migodi jirani ikipanuka, msitu wa miombo ukirudi nyuma kando ya barabara za mkaa, na makazi ya Fungurume yakitanuka baada ya mgodi wa Tenke Fungurume kuanza kuzalisha mwaka 2009. Picha mpya zenye uwazi mkubwa zaidi huwezesha kompyuta kuchora kila jengo. Hapo hutumika mbinu ya sensa ndogo: vipande vichache vya mji na vijiji huchaguliwa, watu wote waliomo huhesabiwa mlango kwa mlango, hutafutwa wastani wa watu kwa jengo la kila aina, kisha wastani huo huzidishwa kwa majengo yaliyoonekana kutoka juu. Miradi kama WorldPop ya Chuo Kikuu cha Southampton na GRID3 imeitumia njia hii katika nchi mbalimbali, Kongo ikiwemo. Mwanga wa usiku, ambao watafiti wengine huutumia kukisia ukubwa wa miji, una udhaifu wake hapa: mashimo na viwanda huangazwa usiku kucha, hali mitaa yenye watu wengi hukaa gizani umeme unapokatika.

Ramani za utawala nazo zina mitego. Hadi 2015 jina Lualaba lilikuwa la wilaya ya magharibi, yaani Dilolo, Kapanga na Sandoa, nchi ya Walunda. Kolwezi ilikuwa wilaya nyingine iliyojumuisha komini za Dilala na Manika pamoja na maeneo ya Mutshatsha na Lubudi. Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, wilaya hizo mbili ziliungana na jimbo lote likaitwa Lualaba. Anayelinganisha Lualaba ya ripoti ya zamani na Lualaba ya leo atapata ongezeko la watu la kushangaza ambalo si la watu hata kidogo. Neno Kolwezi lina tatizo hilohilo: linaweza kumaanisha komini mbili, au wilaya ya zamani yenye vijiji vyake vyote. Kwa hiyo mtafiti makini huanza kwa kuchora mpaka, kisha ndipo huandika namba ndani yake.

Vyanzo vingine viwili vinastahili kutajwa. Tume ya uchaguzi imeandikisha wapigakura mara kadhaa tangu 2005, na kwa kuwa kadi ya mpigakura hutumika kama kitambulisho, watu huipangia foleni hata kama hawana haja ya kura. Kijana mgeni mgodini huihitaji ili apite vizuizi vya barabarani. Orodha hiyo huwanasa watu wanaohamahama ambao tafiti za kaya huwakosa, ila haisemi lolote kuhusu watoto, ambao ni karibu nusu ya Wakongo wote.

Watoto huhesabiwa na zoni za afya. Katika kampeni za polio, wachanjaji wa Dilala na Manika hupita nyumba kwa nyumba, hupaka wino kwenye kidole kidogo cha mtoto aliyechanjwa, na huandika kwa chaki mlangoni tarehe na idadi ya watoto waliopatikana. Kwa siku chache mji mzima huwa daftari lililo wazi. Hesabu hiyo ikigawanywa kwa idadi ya watoto waliotarajiwa, ambayo inatokana na ile 201,382 ya 1984 iliyokisiwa mbele, asilimia ya waliochanjwa inaweza kupita 100 katika mitaa inayokua haraka, na kuwa ndogo ajabu mahali ambapo watu walihamishwa kupisha mgodi. Wahudumu wa afya wenye uzoefu huichukua asilimia ya namna hiyo kama habari ya uhamaji. Ripoti ya Amnesty International ya 2023 kuhusu watu walioondolewa karibu na migodi ya Kolwezi, ukiwemo mtaa wa Cité Gécamines, inasaidia kueleza baadhi ya mapengo hayo ambayo jedwali la chanjo peke yake lisingeweza kuyaeleza.

Sensa ya pili ya taifa imetangazwa na kuahirishwa zaidi ya mara moja. Sheria ya familia inataka kila mtoto aandikishwe katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90 tangu azaliwe, bila malipo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta robo tu ya watoto wa chini ya miaka mitano wameandikishwa, na ule wa 2017 na 2018 ukakuta asilimia 40. Katika makambi ya zamani ya Gécamines, ambako bibi aliandikwa siku aliyozaliwa ili fungu lake la unga lianze kutoka, mjukuu wake hukua bila karatasi yoyote yenye jina lake, hadi afikishe miaka 18 na kwenda kupanga foleni ya kadi ya kura.